Ule wa Kijani Hauna Kazi

Desemba mwaka juzi mama alinipigia simu saa mbili usiku, wakati ambao huwa yuko mbele ya tamthilia yake na hapokei simu ya mtu, sembuse kupiga. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kwenye nyumba yenye mgonjwa.

"Friji imemrusha mtoto wa jirani," alisema.

Mtoto mwenyewe ana miaka 7. Alikuja na sarafu yake ya shilingi 200 kununua barafu ya ukwaju, kama anavyofanya karibu kila jioni. Mama alikuwa chumbani anaswali magharibi. Mtoto ameizoea nyumba, akaona amsubiri wa nini, akaenda kujifungulia mwenyewe. Alikuwa peku, na sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Mama anasema hakusikia kelele, alisikia kishindo. Alipotoka na khanga yake ya kuswalia alimkuta mtoto chini, ameegemea mguu wa meza, macho yamemtoka, sarafu bado iko mkononi.

Alipelekwa zahanati, akasikilizwa moyo, akalazwa mpaka asubuhi, akarudi nyumbani. Alhamdulillahi, mzima. Lakini hayo niliyajua baadaye. Usiku ule mama alikuwa na neno moja zaidi.

"Fundi amekuja kuangalia. Anasema kwenye plagi kuna waya umekatwa. Anauliza nani aliukata."

Nilinyamaza.

"Upo?"

"Nipo, mama."

"Haya. Nilitaka ujue tu." Akakata simu.

Waya ule niliukata mimi.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Aliijenga babu, na baada ya baba kufariki ikabaki na mama, mimi na wadogo zangu wawili. Kitu kikiharibika hakukuwa na mjadala wa kumwita fundi. Fundi ni hela. Nilianza na bomba la uani lililokuwa likidondosha maji usiku kucha. Nikajifunza kwamba ndani ya koki kuna raba ndogo, ikilika unaigeuza upande wa pili inaishi mwaka mwingine. Halafu pasi. Halafu redio. Nikiwa na miaka 14 jirani zetu walikuwa wananiita "fundi" bila kucheka, na mimi nilitembea na tesita mfukoni kama wenzangu walivyotembea na kitana.

Mwalimu wangu alikuwa mjomba. Alikuwa dereva, si fundi umeme, lakini alikuwa na mikono isiyoogopa kitu. Kila ninachokijua kuhusu kufungua vitu kilitoka kwake: panga skrubu kwa mpangilio ulioutoa, usilazimishe plastiki, ukichoka acha. Na alikuwa na kanuni moja kuhusu nyaya aliyoisema kwa uhakika wa mtu anayesoma dua. Wa kahawia na wa bluu ndio wenye kazi. Ule wa kijani hauna kazi.

Friji tuliinunua ya mtumba, ya Uingereza, ina plagi ile kubwa ya pini tatu za mraba. Baada ya miezi michache plagi ikaungua upande mmoja kwa sababu soketi ilikuwa imelegea. Nilitumwa dukani na hela ya kutosha plagi ya bei ndogo, ile ya pini mbili za duara. Usiku, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, nikakata plagi ya zamani, nikamenya waya, na ndani nikakuta nyaya tatu. Plagi mpya ilikuwa na skrubu mbili.

Nyaya tatu, skrubu mbili. Wa kahawia nikaufunga, wa bluu nikaufunga. Wa kijani wenye mstari wa njano nikaukata kwa meno, nikautema. Umeme uliporudi friji ikanguruma. Kama waya wa kijani ulikuwa na kazi, kazi hiyo haikuonekana.

Kuanzia hapo friji ikawa inang'ata. Si sana: ukigusa mkono wa mlango huku umekanyaga sakafu ulihisi kitu kama mchwa wanatembea chini ya ngozi. Tukaizoea. Kandambili zikawekwa mbele ya friji, na kila mgeni akaambiwa avae kwanza. Kwa miaka 10 hivyo ndivyo tulivyoishi na friji, na mama akauza barafu za ukwaju, za ubuyu na za maziwa, na kwa barafu hizo nikamaliza sekondari na chuo.

Simu ya mama ilinikuta mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya historia. Semina moja ilikuwa ya historia ya vitu: kila mwanafunzi achague kitu kimoja cha nyumbani afuatilie kimetoka wapi. Wenzangu walikuwa wameshachukua vitu vyenye heshima. Kanga, cherehani, jiko la mkaa. Mimi nilikuwa nimeandikisha mada ya redio. Wiki iliyofuata nikaenda kwa mwalimu kubadilisha. Akauliza nataka kuandika nini. Nikasema plagi.

Alidhani nafanya mzaha.

Umeme ulifika Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakauendeleza kwa kasi yao, na mwaka 1931 zikaundwa kampuni mbili: DARESCO na TANESCO. Kwetu Tanga umeme ulitoka kwenye maporomoko ya mto Pangani, na waliokuwa wakiusubiri kwa hamu hawakuwa watu wa Ngamiani bali mashamba ya mkonge. Serikali huru ilinunua hisa za kampuni hizo mwaka 1964. Yote haya yameandikwa, yana mafaili, yana picha za watu waliovaa kofia mbele ya mitambo. Historia ya umeme kwetu ni historia ya mabwawa na nguzo. Inaishia kwenye mita. Kinachotokea baada ya mita, ndani, ukutani, nyuma ya friji, hakina faili.

Basi nikaanzia upande wa pili, kwenye plagi yenyewe. Pini tatu za mraba zina jina la kiofisi, BS 1363, kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947. Ukitazama ramani ya nchi zinazoitumia unaona ramani ya dola ya Waingereza: Kenya, Uganda, Tanzania, Malaysia, Singapore, Hong Kong, sehemu kubwa ya Ghuba. Mwenzangu wa hosteli anatoka Bujumbura. Kwao walitawaliwa na Wabelgiji, na chaja yake ina pini mbili za duara. Kila jioni nilimwona akifanya lile ambalo kila mtu hapa analifanya: anaingiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi, anaikandamiza, vifuniko vya ndani vinafunguka, anasukuma chaja yake. Kwetu Tanga tulitumia kijiti. Kijiti kilikaa juu ya friji miaka yote 10, mahali pake maalumu, kama funguo.

Sikuwahi kujiuliza kwa nini soketi ifungwe ndani. Nilidhani ni ubovu wa usanifu, au ubahili wa wazungu kutaka ununue plagi zao.

Jibu liko kwenye ripoti iliyoandikwa London wakati mabomu yakianguka. Mwaka 1942 Waingereza walikuwa hawana uhakika wa kushinda vita, lakini tayari walikuwa na kamati za kupanga nyumba zitakazojengwa baada yake. Moja ilihusu nyaya za umeme majumbani. Ilikuwa na watu 20, na mmoja tu kati yao alikuwa mwanamke: Caroline Haslett.

Siku hizi utasoma mahali pengi kwamba Haslett ndiye aliyebuni plagi ile. Si sahihi, na nadhani yeye mwenyewe angekataa. Kamati ni kamati. Lakini ukijua alikuwa nani, unaelewa kwa nini ripoti ile, iliyotoka mwaka 1944, inajali mambo ambayo wanaume 19 pengine wangeyapita.

Alizaliwa mwaka 1895 huko Sussex. Vita ya kwanza ilimkuta karani kwenye kampuni ya kutengeneza boila, akaomba aingie karakana ajifunze kazi yenyewe. Mwaka 1919 akawa katibu wa chama cha wahandisi wanawake. Mwaka 1924 akaanzisha chama kingine, Electrical Association for Women, na huko ndiko alikomalizia nguvu zake nyingi. Chama hicho kilikuwa na matawi mijini, mihadhara, gazeti lake, na mwaka 1934 kikatoa kitabu cha mwongozo wa umeme kwa wanawake. Kitabu hakikuishia kwenye namna ya kupika kwa jiko jipya. Kinaeleza umeme ni nini, fyuzi inakatikaje, waya upi unakwenda wapi. Haslett aliamini mwanamke anayeishi na umeme jikoni kwake anastahili kuuelewa, si kuogopeshwa nao wala kumsubiri mume arudi.

Wakosoaji wake wana hoja. Wenye viwanda vya umeme walimuunga mkono kwa sababu walitaka kuuza majiko, na wanawake aliowafikia kwanza walikuwa wenye uwezo wa kuyanunua. Nakubali. Ila nilipokuwa nasoma habari zake nilikuwa namfikiria mama na kandambili zake mbele ya friji, na sikuweza kumchukia mtu ambaye, miaka 100 iliyopita, aliona kwamba kuleta umeme nyumbani bila kuleta maelezo ni kuleta nusu ya kitu.

Sasa itazame plagi yenyewe. Chukua moja uliyo nayo, ichomoe, ifungue ikiwa ni ya kufunguka.

Pini ya juu ni ndefu kuliko mbili za chini. Inatangulia kuingia, na ikiingia inasukuma vifuniko vinavyoziba matundu mawili yenye umeme. Kamati iliandika wazi kwamba jambo hili ni kwa ajili ya watoto wadogo, wasichomeke msumari au kijiko. Kumbe vile vifuniko tulivyokuwa tunavifungua kwa kijiti viliwekwa ili mtoto mwenye kijiti asiweze.

Ukiwa umeifungua, utaona waya wa bluu unakwenda kushoto na wa kahawia kulia, kwenye fyuzi. Fyuzi hiyo ina historia ya njaa. Vita ilikuwa imekula shaba, na Uingereza ilikuwa na nyumba nyingi za kujenga. Wakaamua badala ya kuvuta waya wake kwa kila soketi kutoka kwenye meni swichi, wazungushe waya mmoja kama pete, upite soketi zote na kurudi ulikoanzia. Shaba ikaokolewa. Lakini pete hiyo inalindwa na fyuzi kubwa ya ampia 30, na waya mwembamba wa taa ya mezani utawaka moto zamani kabla fyuzi ya ampia 30 haijashtuka. Kwa hiyo kila plagi ikapewa fyuzi yake ndogo, kulingana na chombo: ampia 3 kwa taa, 13 kwa hita. Kule kwingine duniani plagi haina fyuzi kwa sababu kule hawakuzungusha pete.

Mjomba, Mungu amrehemu, fyuzi ikikatika alikuwa akiizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nimefungua plagi nyingi tangu nianze kazi hii, za ndugu, za majirani, za hosteli, na karatasi ile nimekutana nayo mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Wengine wanatumia uzi wa shaba. Kifaa kinawaka, mwenye nacho anashukuru.

Na fyuzi, hata ikiwa nzima, haimlindi mtu. Inamlinda waya asiungue. Mwili wa binadamu huanza kuwa hatarini kwenye miliampia 30 hivi, na mkono unaweza kung'ang'ania hata kwa chini ya hapo. Ampia 13 ni zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Anayemlinda mtu ni ule waya wa tatu, unaopanda kwenye pini ndefu ya juu, unaoitwa ethi, kwa maana ya ardhi. Unatoka kwenye mwili wa chuma wa friji, unapita kwenye plagi, ukutani, mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Siku zote haupiti kitu ndani yake. Siku umeme utakapotoroka ukaingia kwenye mwili wa friji, waya huo unaushusha ardhini kabla haujashuka kupitia mtu. Hata kwenye plagi waliupa heshima: unaachwa mrefu kuliko wenzake, ili mtu akivuta waya kwa nguvu, wa bluu na wa kahawia vikatike kwanza, ethi iwe ya mwisho.

Niliposoma hapo nilitoka maktaba nikaenda kusimama nje. Mjomba alikuwa amejaribu kwa njia halali kabisa: ukiukata, chombo kinafanya kazi vilevile. Waya wa kijani hauwezi kujitetea mbele ya jaribio hilo.

Kuna jambo jingine nililipenda, ingawa katika insha ya semina nilililazimika kulipunguza. Rangi. Zamani Uingereza waya wenye umeme ulikuwa mwekundu, wa kurudi mweusi, ethi kijani. Ujerumani, ethi ndiyo ilikuwa nyekundu. Mwingereza akinunua chombo cha Mjerumani, akakifunga mwenyewe kwa rangi alizozijua, aliuelekeza umeme moja kwa moja kwenye mwili wa chombo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 wakapatana: kahawia, bluu, na ethi kijani yenye mstari wa njano, ili hata asiyetofautisha nyekundu na kijani auone mstari. Lakini makubaliano hayo kwa Waingereza yalihusu nyaya za vyombo. Nyaya za ukutani ziliendelea kuwa nyekundu na nyeusi mpaka miaka ya 2000. Ndiyo maana katika nyumba kama yetu unashika waya wa kahawia mkono mmoja na mwekundu mkono mwingine, na lazima mtu awe alikuambia kwamba hao ni ndugu.

Mtu awe alikuambia. Uingereza waliambiwa kwa sababu ya ajabu: mpaka miaka ya 1990 ukinunua pasi au friji kule, mara nyingi ilikuja na waya mtupu. Plagi ulinunua kando, ukaifunga mwenyewe mezani. Sheria ya kulazimisha vyombo viuzwe na plagi tayari ilitungwa mwaka 1994. Kwa karibu miaka 50, basi, plagi ile ilikuwa kitu cha kufungwa na mwenye nyumba, na mafunzo yake yalikuwa shuleni, kwenye vijitabu, kwenye vyama kama cha Haslett. Iliundwa ikimfikiria mtu aliyekaa nyumbani na bisibisi.

Sisi ndio hasa watu wa bisibisi. Hakuna Mwingereza aliyefungua plagi nyingi kama kijana wa Ngamiani. Kwetu plagi ilikuja na meli. Mafunzo yake, katika nyumba yetu, alikuwa nayo mjomba.

Haslett alifariki Januari 1957. Aliacha wosia kwamba mwili wake uchomwe kwa umeme. Nilipomsimulia mama aliguna, "Astaghfirullah," kisha baada ya kimya akauliza, "Hakuwa na watoto?"

Hiyo ilikuwa Februari, nimerudi Tanga kwa basi la asubuhi, begi lina plagi mbili za pini tatu na mita ya kupimia niliyoazima kwa rafiki wa uhandisi. Ramadhani ilikuwa imekaribia, na kwa mama Ramadhani ndiyo msimu. Friji ilikuwa imezimwa tangu Desemba. Ilikuwa imewekwa mlango wazi, ndani amepanga vitabu vya wadogo zangu.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Segera. Nilimsubiri amalize kumimina chai.

"Mama, ule waya niliukata mimi."

"Najua," alisema. "Si mimi niliyekushikia tochi?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Usiku ule umeme umekatika. Nilikumbuka waya, nilikumbuka meno, nilikumbuka ladha ya plastiki. Mkono ulioshika mwanga nilikuwa nimeusahau.

Tulianza na soketi, kwa sababu plagi mpya bila soketi yenye ethi ni mapambo. Nikazima meni swichi, nikampa mdogo wangu kazi ya kukaa chini yake asimruhusu mtu kuiwasha, nikajaribu kwa tesita, nikajaribu tena. Kisha nikafungua soketi ya friji. Nyuma yake kulikuwa na waya mwekundu na mweusi. Skrubu ya tatu, yenye alama ya ardhi, ilikuwa inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Haikuwahi kufungwa kitu. Tukafungua ya sebuleni: vilevile. Nyumba nzima haikuwa na ethi. Kwa hiyo hata ningeununua usiku ule wa miaka 14 plagi ya gharama, nikaufunga waya wa kijani kwa uzuri wote, ungeishia ukutani.

Nitakuwa mwongo nikisema sikupata nafuu kidogo. Nafuu hiyo haikudumu. Nilipomwambia mama, alisema tu, "Kwa hiyo mlikuwa wawili."

Kazi ya ethi hatukuifanya wenyewe. Kuna mahali bisibisi ya nyumbani inakoma, na nadhani kupajua ni sehemu ya ufundi. Alikuja fundi mwenye leseni, akachimba karibu na bafu ambako udongo haukauki, akapigilia fimbo ya shaba, akazungushia mkaa na chumvi, akavuta waya wa kijani mpaka kwenye meni swichi na kwenye soketi tatu ambazo hela ilitosha. Akaweka pia breka ile inayokatika umeme ukivuja miliampia 30. Alikula muda wa siku mbili na akiba ya mama ya miezi mitatu.

Nikafunga plagi mpya, fyuzi ndani, ethi ndefu kuliko wenzake. Mama akasema bismillahi, akachomeka. Breka ikalia, nyumba ikawa giza.

Tukawasha tena. Ikakatika tena.

"Haya ndiyo maendeleo," mama alisema gizani.

Niliona anachokifikiria, maana na mimi nilikifikiria. Bila breka friji ingewaka. Bila waya wa kijani ingewaka pia, kama ilivyowaka miaka 10. Ramadhani ilibakiza siku 9. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza jambo la mtu mwingine, iwapo haiwezekani kuirudisha ilivyokuwa mpaka Idi tu, na watoto wakatazwe kuigusa. Sikumjibu. Alijijibu mwenyewe baada ya muda: "Basi. Lete hiyo mita yako."

Tuliigeuza friji ikatazama ukuta. Plagi ikiwa nje, nilipima kati ya pini ya umeme na mwili wa friji. Namba iliyopaswa kuwa kubwa kupita uwezo wa mita ilikuwa ohm elfu 4 na kitu. Gawanya volti 230 kwa 4,000, unapata miliampia zaidi ya 57. Ukiongeza mwili wa mtoto aliyekanyaga maji, inapungua, lakini si kwa kiasi cha kumwacha salama.

Mjomba alikuwa amenifundisha kutafuta ubovu kama unavyotafuta mbuzi: funga njia moja moja mpaka ibaki moja. Nikatoa balbu ya ndani, namba ileile. Nikatenganisha kidhibiti cha baridi, ileile. Nikachomoa nyaya za mota. Mota yenyewe ilikuwa safi, haivuji chochote cha kutisha. Waya wa kuingilia ndio bado ulikuwa unavuja. Mama, ambaye muda wote alikuwa ameshika tochi, akapitisha vidole vyake kwenye waya ule taratibu, kuanzia kwenye plagi, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Chini, pale unapoingia nyuma ya mota, akasimama.

"Hapa."

Panya walikuwa wameumenya urefu wa kidole. Shaba ilikuwa imelala kwenye vumbi zito, lenye unyevu na chumvi ya pwani, juu ya bati la friji. Mwanzoni, miaka ile ya mchwa chini ya ngozi, huenda ilikuwa ni kuvuja kudogo tu kwa kawaida ya vyombo vya namna hii, ambako ethi ingekumeza bila mtu kujua. Panya walikuja baadaye wakakuta mlango uko wazi.

Tulibadilisha waya wote. Plagi ya pili niliyokuja nayo alifunga mama mwenyewe, mezani, miwani puani. Nilimwambia rangi mara moja tu. Alipomaliza akavuta waya kwa nguvu kuona kama utatoka, kitu ambacho sikumwambia afanye. Friji ikanguruma, breka ikatulia. Kijiti kilichokuwa juu ya friji alikitupa jikoni kwenye moto.

Jioni ya pili ya Ramadhani, baada ya futari, yule mtoto alikuja. Mara ya kwanza tangu Desemba, mama alininong'oneza. Alikuwa amevaa viatu vya shule, vya kufunga kamba, na soksi. Nilimwambia friji imetengenezwa, nikaishika mlango kwa mikono miwili, peku, nimwonyeshe. Alinitazama, akaitazama friji. Akaweka sarafu yake juu ya kiti kilicho karibu na mlango wa nje, akarudi hatua mbili nyuma, akasema anataka ya ukwaju.